Nani Huamka Kwanza? Historia ya Mwanzo wa Mfumo wa Linux

Kila chenye mwendo kina mwanzo wake, na aghalabu mwanzo ni mgumu kuliko mwendo wenyewe. Jahazi lililo baharini huenda kwa tanga na usukani. Lakini kabla ya kuelea hapana budi lisukumwe kutoka mchangani, na msukumo huo hautoki tangani. Ndivyo ilivyo kompyuta. Ikishaamka, programu moja huita nyingine, nayo hiyo huita nyingine, kazi ikaendelea. Lakini programu ya kwanza huitwa na nani?

Swali hili humjia kila mwanafunzi aketiye mara ya kwanza mbele ya kompyuta yenye mfumo wa Linux. Hubonyeza kitufe, akaona mistari ya maandishi ikipita upesi kuliko macho yake, kisha akatakiwa jina lake na neno la siri. Akiwa na hamu ya kujua, huuliza mambo matatu. La kwanza, ni nani aamkaye mbele ya wengine? La pili, huyo aliyeamka hujuaje la kufanya, na maagizo yake yameandikwa wapi? La tatu, jambo likiharibika njiani, mwenye mashine aingie kwa mlango gani ili atengeneze? Watu wengi huyaona maswali haya kuwa ya wanagenzi tu, na wanagenzi wenyewe huona haya kuyauliza. Walakini kuuliza si ujinga. Mabingwa waliounda mfumo huu walishughulishwa na maswali haya haya kwa miaka mingi, wakayajibu kwa namna mbalimbali, na mwaka 2014 ugomvi juu ya jibu moja ulikaribia kuivunja jumuiya kubwa ya watengenezaji wake.

Fumbo lenyewe ni hili. Kumbukumbu ambamo kompyuta hufanyia kazi hufutika umeme ukatikapo. Programu zimehifadhiwa katika diski, lakini kusoma diski ni kazi ya programu. Basi ili programu isomwe, sharti iwepo kwanza programu nyingine ya kuisoma. Katika Kiingereza upo msemo wa mtu ajiinuaye kutoka chini kwa kuvuta ugwe wa buti zake mwenyewe, jambo lisilowezekana. Na kutokana na msemo huo tendo la kuamsha kompyuta lilipata jina lake katika lugha hiyo.

Katika mashine za zamani fumbo hili lilifumbuliwa kwa mkono wa mwanadamu. Mashine iitwayo PDP-8, iliyotolewa mwaka 1965 na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, ilikuwa na safu ya swichi usoni mwake. Mwendeshaji aliingiza amri chache, moja baada ya moja, kwa kupandisha na kushusha swichi hizo. Amri hizo chache zilitosha kusoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe huo ulikuwa na programu kubwa kidogo ya kusomea tepe nyingine. Na programu hiyo ndiyo iliyoleta ile iliyotakiwa. Kidogo kilileta kikubwa, na kikubwa kikaleta kikubwa zaidi. Kanuni hii haijabadilika hata leo. Mkono wa mwendeshaji tu ndio ulioondolewa, na mahali pake pamewekwa programu ndogo iliyotiwa katika chipu ya kumbukumbu isiyofutika.

Linux haikuzaliwa pasipo wazazi. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, pamoja na wenzao, walianza kuunda mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake kilitoka Novemba 1971, na ndani yake tayari ilikuwamo programu iitwayo init. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayotawala kumbukumbu, diski na vifaa vyote, kikishajipanga huanzisha init nayo hupewa namba 1. Kila programu ifuatayo huzaliwa na iliyotangulia, hata nasaba zote zikirudishwa nyuma hufika kwa init, kama ukoo ufikavyo kwa babu mmoja. Programu ikifiwa na mzazi wake kabla ya kumaliza kazi, init huichukua kama yatima na kuisimamia hata mwisho wake. Basi swali la kwanza lilipata jibu mapema sana, na jibu hilo limedumu zaidi ya nusu karne: kati ya programu za kawaida, wa kwanza kuamka ni mwenye namba 1.

Swali la tatu nalo lilipata jibu lililofaa kwa siku zile. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, init ilitazama kwanza swichi za uso wa mashine. Zikiwa zimepangwa kwa namba 173030 ya hesabu ya msingi wa nane, mfumo uliamka kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye akatengeneza kilichoharibika ilhali watu wengine wamezuiwa mlangoni. Swichi zile zimetoweka, lakini hali ile ya mtumiaji mmoja ingali hai katika Linux, nayo imewaokoa wengi waliosahau neno lao la siri.

Jibu la swali la pili lilikuwa faili la maandishi matupu, lililoitwa /etc/rc. Majina haya mawili huwatatiza wanafunzi hata leo, nayo yafaa yafafanuliwe. Neno etc ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya "na mengineyo". Saraka hiyo ilikuwa ghala la vitu visivyokuwa na mahali pengine. Kidogo kidogo vilivyo vingi vikahamishwa, yakabaki mafaili ya maagizo, na ghala likawa baraza la utawala wa mfumo mzima. Ama herufi rc, zimetoka katika mfumo wa CTSS, uliotumika katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1960. Humo Mfaransa Louis Pouzin aliandika programu iliyoitwa RUNCOM, yaani "endesha amri", ya kutekeleza mfululizo wa amri zilizoandikwa ndani ya faili. Mwanafunzi wa leo akutanapo na faili liitwalo .bashrc katika saraka yake mwenyewe, amekutana na athari ya kazi ya mtu yule.

Jambo kubwa katika faili la /etc/rc halikuwa jina lake. Amri zilizokuwamo zilikuwa zile zile ambazo mtu yeyote aliweza kuziandika kwa mkono wake baada ya kuingia katika mfumo. Haikuwapo lugha moja ya ndani na nyingine ya barazani. Aliyejua kuiagiza mashine wakati wa kazi alijua pia kusoma jinsi ilivyoamka, na aliyejua kusoma aliweza kusahihisha. Siri ya kuamka iliwekwa wazi mbele ya mwenye mashine, kwa maandishi ayajuayo. Desturi hii ndiyo iliyogombewa baadaye.

Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, aliwatangazia watumiaji wa mfumo mdogo uitwao Minix kwamba anaunda mfumo wake mwenyewe kwa kompyuta zenye chipu ya 386. Alisema ni kazi ya kujifurahisha tu. Toleo la 0.01 lilitoka Septemba mwaka ule. Wakati huo hapakuwa na faili la maagizo lililostahili kuitwa hivyo. Aliyetaka kubadili aina ya diski au herufi za kibao, ambazo zilipangwa kwa desturi ya Kifini, alipaswa kuihariri programu ya kiini yenyewe na kuitafsiri upya katika lugha ya mashine. Katika toleo la 0.11 la Desemba 1991 kiini chenyewe kilifungua faili la /etc/rc na kulikabidhi kwa programu ya kusoma amri. Mfumo uliweza kuamshwa kwa diski laini mbili: moja ilibeba kiini, na ya pili ilibeba mafaili. Mwanagenzi wa siku zile hakupata nafasi ya kubaki mwanagenzi. Ama alijifunza mpaka ndani ya kiini, ama aliiacha.

Kompyuta zilizokusudiwa zilikuwa za ukoo wa IBM PC, iliyotolewa Agosti 1981. Katika mashine hizo programu isiyofutika huitwa BIOS. Hiyo ikishavikagua vifaa husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na kuikabidhi mamlaka. Hata hizo 512 si zote za programu. Baiti 64 zimewekewa jedwali la kugawanya diski katika sehemu nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kuwa sekta yafaa kuamshia. Zilizobaki ni 446. Katika nafasi iliyo ndogo kuliko aya moja ya kitabu, ilipasa kuandikwa programu ya kwenda kutafuta kiini chote cha mfumo.

Werner Almesberger alilijibu tatizo hili katika miaka ya mwanzo ya Linux kwa programu aliyoiita LILO. Kwa kuwa baiti chache zile hazikutosha kuelewa mpango wa mafaili, LILO haikutafuta kiini kwa jina. Iliandikiwa kabla, katika ramani, namba za sekta ambamo kiini kimelala, nayo ikaenda huko moja kwa moja kama mtu aliyepewa hesabu ya hatua katika giza. Njia hii ilikuwa na hatari moja iliyowaliza wanafunzi wengi. Mtu akikibadili kiini kwa kipya, kiini kipya hulala katika sekta nyingine. Na asipoiendesha tena LILO ili ichore ramani upya, mashine ikiwashwa huenda mahali pasipo na kitu. LILO ilikuwa hata hivyo na uungwana wake. Iliandika jina lake herufi moja moja kadiri ilivyosonga mbele. Ikikwama kwenye herufi L, mtu alijua kwamba hatua ya kwanza tu ndiyo iliyopakiwa. Ikiandika LI, hatua ya pili imepatikana lakini haikuanza. Ikiandika LIL, imeanza lakini haikuweza kusoma jedwali lake. Jina likitimia, yote yamepakiwa. Katika nafasi finyu vile, mwandishi wake alikumbuka kumwachia neno yule atakayekwama.

Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuandika programu nyingine, GRUB, kwa ajili ya mfumo wa GNU Hurd, na kuanzia mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji wakaiendeleza. GRUB iliweza kusoma mpango wa mafaili yenyewe. Kiini kilitafutwa kwa jina lake, na ramani ya sekta haikuhitajika. Zaidi ya hayo, mtu aliweza kuisimamisha kabla ya kuamsha, akahariri mstari wa maagizo kwa mkono, kisha akaendelea. Toleo lake jipya, lililofikia namba 2.00 mwaka 2012, hutunga faili lake la orodha kwa programu nyingine. Hapa mwanafunzi hukosea mara kwa mara: hulihariri faili la grub.cfg, likamtii siku moja, kisha sasisho la kiini likaja na kulifuta neno lake. Maagizo ya kudumu huandikwa katika faili la /etc/default/grub, na grub.cfg hutungwa kutoka humo.

Likabaki fumbo jingine la ukoo ule ule. Kiini kilipokuwa kikubwa, programu za kuendeshea vifaa zilitengwa nacho ili zipakiwe kwa haja. Lakini programu ya kuendeshea diski ikiwa imo ndani ya diski hiyo hiyo, kiini kitaipataje? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ufunguo uliofungiwa sandukuni haulifungui sanduku. Dawa yake ilikuwa kukibebesha kiini furushi dogo la mafaili, linalofunguliwa ndani ya kumbukumbu kabla ya diski yoyote kuguswa. Furushi hilo liliitwa initrd, na namna yake mpya, initramfs, ilienea pamoja na kiini cha 2.6 kilichotoka Desemba 2003. Ndani yake mna zana za lazima tu: zinazofungua diski, zinazofumbua maandishi ya siri, na zinazotafuta mahali penye mfumo halisi. Kazi ikiisha furushi hutupwa, na init ya kweli huitwa.

Wakati huo jumuiya mbalimbali zilikuwa zimeanza kukusanya kiini na programu nyingine na kuzitoa kwa watu zikiwa zimekamilika. Slackware na Debian zilianzishwa mwaka 1993. Slackware ilifuata desturi ya chuo cha Berkeley, ya mafaili machache ya rc. Zilizo nyingi zilifuata desturi ya System V, toleo la Unix la kampuni ya AT&T la mwaka 1983, kwa kutumia init iliyoandikwa na Miquel van Smoorenburg. Katika desturi hii faili la /etc/inittab lilitaja daraja za uendeshaji kwa namba. Sifuri ni kuzima, 1 ni mtumiaji mmoja, 6 ni kuzima na kuwasha tena. Zilizo katikati ni za kazi, na katika Red Hat daraja la 5 lilikuwa la skrini yenye picha. Kila daraja lilikuwa na saraka yake, na ndani yake viungo vilivyoanza kwa herufi S vya kuanzisha huduma na K vya kuziua, vikifuatiwa na tarakimu mbili za zamu. Mwanafunzi aliyetaka kujua mashine yake huamsha nini alitazama orodha ya majina ya mafaili, akaisoma kama msafara ulioandikwa safu kwa safu. Faili la inittab la Red Hat lilikuwa na onyo la kutoiweka sifuri wala 6 kuwa daraja la kawaida. Maana mashine iliyoagizwa 6 huamka, ikatii, ikajizima, ikaamka tena, wala haina mwisho.

Mpango huu ulikuwa na kasoro zake, na wapenzi wake wa kweli hawakuzikana. Huduma zilingojeana foleni hata zile zisizohusiana. Zamu zilipangwa kwa tarakimu, wala sababu ya tarakimu haikuandikwa popote. Kila huduma ilikuwa na hati yake ndefu ya amri, na hati hizo zilirudia mambo yale yale kwa makosa tofauti. Tena mpango ulitungwa kwa mashine zisizohama, ilhali kompyuta za karne hii hubebwa mkononi, na vifaa huchomekwa na kuchomolewa zikiwa zinafanya kazi. Debian ilitibu sehemu ya kasoro hizo katika toleo la 6.0 la Februari 2011, ambamo hati zilitaja zinachotegemea na zisizotegemeana zikaanzishwa pamoja. Mapema zaidi, Oktoba 2006, mfumo wa Ubuntu ulileta Upstart, kazi ya Scott James Remnant, ambayo iliamsha huduma kwa kufuata matukio. Ubuntu wenyewe ulianza mwaka 2004, ukachukua jina lake katika lugha za kusini mwa Afrika. Mswahili hulitambua neno hilo bila mkalimani, kwa kuwa ni ndugu wa utu.

Tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering, mtumishi wa kampuni ya Red Hat aliyeshirikiana na Kay Sievers, alitangaza systemd. Hoja yake ilikuwa ya akili. Huduma moja hungoja nyingine kwa sababu yataka kuzungumza nayo kupitia mlango maalumu. Basi init na ifungue milango yote kwanza, kisha iziamshe huduma zote pamoja. Atakayebisha hodi kabla ya mwenyeji kuwa tayari atangojea mlangoni, na ujumbe wake hautapotea. Tena hati ndefu za amri ziondolewe, na mahali pake pawe na mafaili mafupi yanayotaja huduma ni ipi, yahitaji nini, na ikianguka iinuliwe au iachwe. Fedora iliipokea Mei 2011, na Red Hat Enterprise Linux 7 Juni 2014.

Wapinzani waliinuka, na hoja zao zilikuwa na uzito wao pia. Walisema mwenye namba 1 anapaswa kuwa na kazi chache, kwa kuwa akianguka yeye huanguka wote. Walisema systemd imejitwalia kazi nyingi zisizo zake, kama kutunza kumbukumbu za matukio na kusimamia walioingia. Na walisema kwamba kumbukumbu hizo, zilizokuwa maandishi matupu, sasa zimehifadhiwa kwa namna isiyosomeka ila kwa programu yake maalumu. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndiyo iliyokuwa roho ya maneno yao. Watetezi walijibu kwamba mbacha ule ulikuwa umetoboka siku nyingi: hati ya mistari mia iliyojaa hila haisomeki na mwanagenzi zaidi ya faili la mistari kumi linalotaja mambo kwa majina yake.

Ugomvi ulifika kilele chake katika Debian. Kamati yake ya ufundi ilikuwa na wajumbe wanane. Februari 2014 kura ziligawanyika nne kwa nne, kati ya systemd na Upstart, na mwenyekiti Bdale Garbee akakata shauri kwa kura yake ya uamuzi: systemd. Siku chache baadaye mwanzilishi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth, alitangaza kwamba Ubuntu nao utafuata, na Upstart, iliyozaliwa nyumbani mwao, wakaiacha. Amani haikuja. Novemba mwaka ule wajumbe kadhaa walijiuzulu kamatini, na kundi la waliokataa likatangaza kujitenga na kuunda Devuan, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017. Debian 8, yenye systemd, ilitoka Aprili 2015, mwezi ule ule Ubuntu 15.04 ilipofanya hivyo. Slackware haikuhama, na wengine kama Alpine na Gentoo walishika njia nyingine iitwayo OpenRC.

Wakati huo huo mlango wa nje kabisa ulikuwa ukibadilishwa. Mahali pa BIOS palishikwa na UEFI, mpango uliotokana na kazi ya kampuni ya Intel na kukabidhiwa jumuiya ya makampuni mwaka 2005. UEFI haifungwi na zile baiti 446. Husoma programu ya kuamsha kama faili la kawaida katika sehemu maalumu ya diski. Lakini kompyuta zilizouzwa pamoja na Windows 8 kuanzia mwaka 2012 zilikuja na ulinzi wa kukataa programu yoyote isiyo na sahihi inayotambuliwa, na sahihi iliyotambuliwa na karibu mashine zote ilikuwa ya Microsoft. Watu wa Linux waliona hatari ya kufungiwa nje ya mashine walizonunua kwa fedha zao. Fedora 18, ya Januari 2013, ilitumia programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa sahihi hiyo, ambayo nayo huitambua sahihi ya Fedora yenyewe. Katika mashine za kawaida za mezani mwenye mashine aliachiwa pia uwezo wa kuuzima ulinzi huo au kuweka funguo zake. Hivyo swali la nani huamka kwanza liligeuka kuwa swali la nani mwenye ufunguo.

Na yule mwanafunzi aliyeketi mbele ya mashine yake, historia hii yamfaa nini? Yamfaa siku ya taabu. Atakuta mfumo umesimama katikati, ukimtaka neno la siri la msimamizi, kwa sababu faili la /etc/fstab lataja diski isiyokuwapo. Ataelewa kwa nini diski zatajwa leo kwa namba ndefu za utambulisho, akijua kwamba karibu na mwaka 2007 diski nyingi zilizoitwa hda ziligeuka ghafula kuitwa sda, na mafaili yaliyozitaja kwa jina yakapotea njia. Akisikia kwamba kiini huitafuta init katika /sbin, kisha /etc, kisha /bin, na ikikosekana huita programu ya amri yenyewe, atajua pia kwamba aweza kukiamuru kiini, kwa mstari mmoja katika GRUB, kianze moja kwa moja na programu hiyo. Ule ndio mlango wa 173030 kwa sura nyingine. Akitaka kujua ni huduma gani iliyochelewesha, systemd ina amri ya kuzipanga kwa muda zilizotumia. Na akiagiza huduma iamshwe kila siku, atakuta kwamba kilichofanyika ni kuwekwa kiungo katika saraka, kama zilivyowekwa zile S na K.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa programu za ofisi za OpenOffice katika Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba maneno ya skrini yaweza kuzungumza lugha ya mtumiaji. Chini ya skrini hiyo mashine ingali ikiamka kwa majina ya kifupi yaliyotungwa Murray Hill na Helsinki, nayo hayatatafsiriwa. Lakini maana yake yaweza kuelezwa katika lugha yoyote, na aliyeelezwa vizuri hatishwi na jina.

Kutoka swichi za PDP-8 mpaka sahihi za UEFI, kila kizazi kilipunguza kazi ya mkono na kuongeza kazi iliyofichika. Hiyo ni gharama ya wepesi, na wachache sana wangependa kurudia swichi. Waliogombana mwaka 2014 hawakugombania sekunde za kungojea peke yake. Waligombania kama mwenye mashine ataendelea kusoma kwa macho yake jinsi mashine inavyoamka. Pande zote mbili zilidai kumtetea mtu yule yule. Hukumu iko kwake: siku mashine itakapokataa kuamka, kama ataweza kufungua faili, akasoma mstari, akajua kosa liko wapi na kulisahihisha, basi mfumo huo, uwe wa zamani au wa sasa, umemtendea haki.